Walihitaji Mtu wa Viola

Barua ya kwanza ilifika jioni moja ya mwezi Machi, nami nimeshavaa sare, natoka kwenda zamu ya usiku. Binti yangu akaisoma kwa sauti. Amekubaliwa, na chuo kinampa ufadhili wa kipaji wa dola 28,000 kwa mwaka, kwa miaka minne. Mdogo wake alirukaruka mpaka kiti kikaanguka. Mimi machozi yalinitoka. Nilikuja Marekani na sanduku moja na cheti cha kidato cha nne. Kusikia kwamba chuo kiko tayari kumsomesha mwanangu kwa sababu ya akili yake na mikono yake lilikuwa jambo kubwa mno kwangu.

Usiku huo, wazee ninaowahudumia walipokwisha kulala, niliitoa barua mfukoni nikaisoma tena taratibu. Gharama ya mwaka mzima, yaani ada, malazi, chakula na vitabu, ilikuwa dola 71,000. Chini yake, kwenye safu moja waliyoiita msaada, walipanga ufadhili 28,000, mkopo wa serikali kuu 5,500, kazi ndogondogo za chuoni 2,500, na mwisho kabisa mkopo wa mzazi 35,000. Jumla 71,000. Cha kulipa: sifuri.

Nilihesabu mara tatu. Kazi za chuoni ni jasho lake mwenyewe, hapati senti mpaka aifanye kazi. Mikopo ni deni, hata ukiipanga safu moja na zawadi. Ule wa mzazi peke yake, kwa miaka minne, ungefika dola 140,000 kabla ya riba. Kwenye barua nzima, fedha ambazo hazirudishwi zilikuwa zile 28,000 tu.

Asubuhi nilimwonyesha hesabu yangu nyuma ya karatasi ya zamu. Hakubisha. Aliingia chumbani, akatoa viola, ala yake ya muziki, akapiga skeli, yaani noti kwa mfuatano, polepole kwa karibu saa nzima, kutoka uzi mzito kwenda mwembamba na kurudi. Nililala nikimsikiliza.

Nilikuwa nimelielewa vibaya jambo lenyewe tangu mwanzo. Nilidhani ufadhili wa kipaji ni kama kombe: watoto wanapangwa kwa ubora, aliye juu anapewa nyingi, anayefuata anapewa pungufu. Kwa hiyo tulipeleka maombi kwenye vyuo vyenye majina makubwa tuliyoyasikia, tukiamini jina kubwa ndilo lenye mfuko mkubwa. Vyuo vinane vya Ivy League, lile kundi la vyuo vikongwe na maarufu kama Harvard, havitoi ufadhili wa kipaji hata kidogo. MIT, chuo maarufu cha teknolojia, nayo haitoi. Kila anayekubaliwa pale ana kipaji, kwa hiyo hawaoni sababu ya kumlipa mmoja kumzidi mwenzake, na fedha zao zote za msaada huzigawa kwa kuangalia kipato cha familia. Kumbe fedha za kipaji ziko zaidi kwenye vyuo ambavyo vina jambo vinalolitafuta: mwanafunzi wa kupandisha wastani wa darasa, mtu wa maabara, mpiga ala aliyekosekana kwenye okestra. Chuo hutoa fedha hizo ili kumvuta mtoto ambaye, bila hizo, angekwenda kwingine. Ukishalijua hilo unaacha kuuliza kama mwanao ni bora kiasi gani, unaanza kuuliza anahitajika wapi.

Sisi jibu tulikuwa nalo tangu Februari bila kulitambua.

Viola ni ndugu ya fidla, kubwa kidogo, yenye sauti nzito inayokaa katikati. Watoto wengi wanakimbilia fidla. Binti yangu aliipata viola akiwa darasa la sita kwa sababu fidla za shule zilikuwa zimekwisha. Akaipenda. Mimi niliona huruma, nikidhani amepewa kilichobaki. Sikujua kwamba viola, oboe, basuni na pembe ni ala ambazo okestra nyingi za vyuo hazipati wapigaji wa kutosha, wakati wapiga filimbi na fidla wamejaa foleni.

Hakutaka kuwa mwanamuziki wa kazi. Alitaka kemia. Kwa hiyo tuliziacha konsavatori, yaani vyuo vya kufundisha wanamuziki, ingawa tulizichunguza. Curtis ya Philadelphia haitozi ada kwa mwanafunzi yeyote tangu 1928, lakini nafasi zake ni chache sana na kila anayeingia amejitoa kwa muziki moja kwa moja. Oberlin, chuo chenye konsavatori ndani yake, ina mpango wa miaka mitano unaokupa shahada mbili, ya muziki na ya fani nyingine. Binti yangu aliuangalia ule mpango siku nyingi, kisha akasema miaka mitano ni mirefu kwake. Tulichokuja kugundua baadaye, na wazazi wengi bado hawakijui, ni kwamba viko vyuo vinavyotoa ufadhili wa muziki kwa mwanafunzi wa kemia, wa historia, wa hesabu, wa chochote, alimradi apite usaili na akubali kupiga kwenye okestra ya chuo. Vingine vinatoa kwa wanaosomea muziki tu. Swali hilo liulizwe mapema, kwa barua pepe yenye mistari mitatu, kabla ya kujaza fomu yoyote.

Chuo kimoja kidogo kilimwita kwenye usaili. Tuliendesha gari saa sita kwenye theluji. Awali walikuwa wameomba video, naye aliirekodi sebuleni kwa simu iliyoegemezwa kwenye vitabu, mara kumi na mbili, kwa sababu kila mara jirani wa juu aliburuta kitu sakafuni. Usaili wenyewe ulikuwa chumba chenye watu watatu, piano, na dirisha linalotazama miti mitupu. Alitakiwa kupiga vipande viwili vinavyotofautiana, kimoja cha taratibu na kimoja cha kasi, kisha skeli, kisha ukurasa ambao hajawahi kuuona. Mimi nilikaa nje ya mlango kwenye benchi.

Kipande cha kasi kilimharibikia katikati. Nilisikia kimya. Nikafumba macho. Kisha nikasikia ameanza tena, mistari miwili nyuma ya pale alipokosea, bila haraka, akaenda mpaka mwisho.

Alipotoka, profesa alimfuata mpaka kwenye benchi langu. Akanisalimia kwanza, akaniuliza safari, kisha akamwambia binti yangu maneno ambayo nilipaswa kuyashika na sikuyashika: "Wapiga viola wetu wawili wanahitimu mwezi wa tano. Kundi langu la wapigaji wanne wa ala za nyuzi litabaki na pengo." Kisha akauliza ile viola ni ya nani. Binti yangu akasema ni ya kukodi, tunalipa kila mwezi. Profesa akaigeuza, akaigonga mgongoni kwa kidole, akasema kabatini mwao kuna ala za kuazimisha wanafunzi.

Mimi njiani kurudi niliwaza kile kimya tu. Niliamini amekosa. Miaka kadhaa baadaye, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, binti yangu alimuuliza profesa kuhusu siku ile. Akaambiwa kwamba wanaoipiga sehemu ile bila kosa ni wachache, na wanaovurugika ni wengi. Alichokuwa akitazama ni mtu anafanya nini baada ya kuvurugika, kwa sababu mazoezi ya kundi ni hayo tu, kuvurugika na kurudi pamoja.

Barua yao ilikuja wiki mbili baada ya ile ya kwanza. Gharama dola 62,000. Ufadhili wa masomo 24,000, wa muziki 10,000, na ruzuku ya kuangalia kipato chetu 16,000. Kilichobaki 12,000, ambacho 5,500 zake zingeweza kuwa mkopo wa serikali kuu wa jina lake mwenyewe, nami nitafute 6,500. Chuo hicho hakijulikani sana, na baadhi ya ndugu waliuliza ndicho chuo gani hicho. Tulikwenda.

Kuna mambo mawili yalitushtua mwaka ule wa kwanza.

La kwanza ni ile zawadi ya nje. Mfuko mmoja wa jamii ulimpa dola 3,000 kwa insha aliyoandika, tukashangilia. Wiki chache baadaye hesabu ya chuo ikaja imebadilika: wamepunguza dola 3,000 kwenye ruzuku yao. Binti yangu ameandika insha usiku kucha, na anayefaidika ni chuo. Niliumia, nikapiga simu ofisi ya misaada wakati wa mapumziko yangu ya chakula. Mama aliyepokea alinisikiliza vizuri. Nilimuuliza kama zile 3,000 zinaweza kukatwa kwenye mkopo badala ya ruzuku. Alisema wanaweza, ila mtu lazima aombe. Mkopo ukashuka kutoka 5,500 hadi 2,500 kwa simu ya dakika tisa. Jambo hili limelalamikiwa sana nchini humu, na Maryland ilikuwa jimbo la kwanza kutunga sheria ya kulizuia kwenye vyuo vyake vya umma, mwaka 2017. Penye sheria au pasipo sheria, kuuliza ni bure. Niseme pia kwamba ufadhili unaolipia ada na vitabu vinavyotakiwa hautozwi kodi ya mapato, lakini sehemu inayolipia malazi na chakula inahesabiwa kuwa kipato. Hatukulijua hilo mpaka msimu wa kodi.

La pili lilikuwa zito zaidi. Ufadhili wake ulikuwa na sharti la GPA, yaani wastani wa alama ambao juu kabisa ni 4.0, usiopungua 3.0. Kwenye barua ni mstari mmoja, unausoma haraka kwa sababu mtoto wako hajawahi kupata alama mbaya. Muhula wa kwanza wa kemia ulimpa 2.8. Maabara ilikuwa Jumanne kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi, okestra saa kumi na robo, lile kundi la wapigaji wanne usiku. Alinipigia simu akilia, sauti ndogo kama ya mtoto wa miaka saba: "Mama, nimewapotezea hela." Nilimwambia, mwanangu, hela si mtu. Kisha tukausoma ule mstari pamoja kwenye simu, na tukakuta kwamba alama zinapimwa mwisho wa mwaka, si mwisho wa muhula. Alikuwa na miezi minne. Alikwenda kwa profesa wa viola akiwa tayari kuacha kundi. Profesa akahamisha mazoezi yao kwenda Jumapili mchana, basi. Alimaliza mwaka na 3.1. Viko vyuo vinavyopima kila muhula na havitoi nafasi ya pili, na viko vinavyotaka 3.5. Mimi leo barua ya ufadhili naisoma nikianzia hapo, kabla hata ya kutazama kiasi.

Mdogo wake alikuwa na njia nyingine kabisa.

Yeye ni wa hesabu. Wanaoijua hesabu ya mashindano nchini humu wanajua ngazi zake: kwanza AMC, maswali 25 kwa dakika 75, na wanaofanya vizuri hualikwa AIME, maswali 15 kwa saa tatu, kila jibu likiwa namba kamili kati ya 0 na 999. Juu ya hapo ndipo wanapotafutwa wale wachache wa kambi ya taifa. Mwanangu alifika AIME mara moja, akapata maswali manne. Alirudi nyumbani akasema yeye hana kipaji, ana bidii tu. Alikuwa na miaka kumi na sita na alishajihukumu kwa karatasi moja ya saa tatu.

Lakini alikuwa na daftari. Tangu darasa la tisa aliandika humo swali moja ambalo hakuna aliyempa: ni namba zipi zinaweza kupatikana kwa kujumlisha namba zinazofuatana? 9 ni 4 na 5. 15 ni 7 na 8, na pia ni 1 mpaka 5. 6 ni 1, 2 na 3. Lakini 8 inakataa. 16 inakataa. 32 inakataa. Alijaza kurasa mpaka akaona zinazokataa ni zile zinazotokana na kuzidisha 2 kwa 2 tena na tena, basi akataka kujua kwa nini. Ilimchukua karibu mwaka. Alinieleza jikoni hivi: ukijumlisha namba zinazofuatana kisha ukaikuza jumla mara mbili, unapata jibu la kuzidisha namba mbili, na daima moja wapo ni witiri iliyo kubwa kuliko 1. Namba kama 16, hata ukiikuza mara mbili, haina kigawanyo cha witiri zaidi ya 1, kwa hiyo haiwezekani. Sikuelewa yote siku hiyo. Nilielewa uso wake.

Wataalamu wanalijua jibu hilo zamani. Yeye hakujua kwamba linajulikana, na hiyo ndiyo iliyokuwa thamani yake. Mwalimu wake wa hesabu aliliona lile daftari, na barua ya mapendekezo aliyoandika haikusema kijana ni hodari, ana nidhamu, ni wa tatu darasani. Ilisimulia swali, mwaka mzima wa kukwama, na siku alipokuja ubaoni asubuhi kabla ya kengele. Nawasihi wazazi: mwalimu asiyemjua mtoto wako ataandika sifa zinazomfaa mtoto yeyote. Mpelekee daftari, mpelekee rekodi, mpelekee kilichoharibika na jinsi kilivyotengenezwa.

Safari hii nilikuwa nimejifunza. Tulianza mwaka mmoja kabla. Kila chuo kinachopokea wanafunzi wa misaada ya serikali kuu kinatakiwa kisheria, tangu 2011, kuweka kikokotoo cha kukadiria gharama halisi kwenye tovuti yake, na tulivijaza vyote mezani na karatasi za kodi mkononi. Vyuo vingi pia huchapisha takwimu zao kwa muundo mmoja unaofanana, uitwao Common Data Set, na katika sehemu H utaona ni wanafunzi wangapi wasio na uhitaji waliopewa fedha, na kwa wastani kiasi gani. Chuo ambacho namba hiyo ni sifuri hakina ufadhili wa kipaji, hata kama vipeperushi vyake vina picha nzuri za vijana wenye darubini.

Hapo tukakutana na jambo lililonigeuza mawazo. Kwa familia yenye kipato kidogo, chuo kisichotoa kipaji hata senti moja kinaweza kuwa nafuu kuliko vyote. Harvard, kuanzia mwaka wa masomo wa 2025–26, haidai chochote familia yenye kipato cha dola 100,000 au chini kwa mwaka na mali za kawaida. Mwanangu aliomba vyuo viwili vya namna hiyo, hakukubaliwa. Sijuti kwamba aliomba. Ningejuta kama tungevikwepa kwa kuogopa bei iliyoandikwa mlangoni.

Yako pia yale mashindano makubwa ya sayansi. Yale yanayodhaminiwa sasa na Regeneron, kampuni ya dawa, yalianza 1942, na mshindi wa kwanza hupata dola 250,000. Watoto 300 wanaochaguliwa mwanzoni hupata 2,000 kila mmoja. Ukiwa na mtoto mwenye utafiti wake, apeleke. Lakini nimeona watoto wakipoteza mwaka mzima wakifukuza hilo, huku ufadhili mkubwa wa chuo cha jimbo lao ukihitaji tu maombi yafike kabla ya tarehe 1 Novemba. Kwa mwanangu ndivyo ilivyokuwa. Chuo kikuu cha umma kilimlipia ada yote kwa alama zake na mtihani wa SAT, ule wa kuombea vyuo, bila insha ya ziada. Kilichobaki kilikuwa malazi na chakula, na hicho alikipata kwa mahojiano.

Mahojiano yenyewe alinisimulia baadaye. Mhadhiri alimpa chokaa na swali ambalo hakulijua. Akasimama. Akasema, "Sijui bado, ila naomba nianze na namba ndogo." Akaanza na 1, na 2, na 3. Muda uliisha hajafika popote. Alipewa.

Wapo wanaoniandikia kutoka nyumbani wakiuliza kama watoto wao wanaweza kuja. Msaada wa serikali kuu haumfikii mwenye viza ya mwanafunzi, lakini fedha za kipaji mara nyingi ni za chuo chenyewe, na vyuo vingi huzitoa bila kuangalia pasi ya kusafiria. Mpango wa Morehead-Cain wa Chuo Kikuu cha North Carolina, ulioanza 1945, huchukua na vijana kutoka nje ya Marekani. Nami huwaomba wasome kila barua kama nilivyoisoma ile ya kwanza kazini usiku, kalamu mkononi, wakitenga kinachorudishwa na kisichorudishwa.

Binti yangu alihitimu mwezi Mei, shahada ya kemia. Jioni kabla ya mahafali tulikwenda pamoja kwenye jengo la muziki kurudisha viola ya chuo, ile ya kabatini, aliyoipiga miaka minne. Aliifungua kwenye meza, akafuta vumbi la ulimbo chini ya nyuzi kwa kitambaa laini, akalegeza upinde. Profesa alikuwapo na msichana mmoja mfupi, mwanafunzi mpya wa Septemba, amekuja na mama yake kutazama chuo. Binti yangu alimwonyesha mahali ambapo uzi wa C huwa mgumu wakati wa baridi. Yule msichana akauliza kama anaweza kuijaribu. Mama yake alikaa kwenye benchi la nje, palepale nilipokaa mimi, nami nikaenda kukaa karibu naye.